Nasaba ya Saba Niliyoiitikia Ndiyo

Jirani yangu hapa ughaibuni, Bredäng, Mzee Gösta, mwalimu mstaafu, anadhani kila Mwafrika kazaliwa kando ya piramidi. Mimi ni mtu wa Korogwe. Misri na Korogwe wapi na wapi? Lakini nimelelewa kutobishana na mtu mzima, kwa hiyo aliponiuliza kama naijua nasaba ya saba ya wafalme wa Misri ya kale, niliitikia ndiyo ili anywe kahawa yake aniache.

“Ndiyo” hiyo ikanisimamisha Jumamosi mbele ya majirani aliowaalika, nimevaa suruali yangu ya bugaluu, natakiwa kusimulia. Kwa kukereka nikabuni: bibi yangu alitutajia wafalme hao wote tukimenya mihogo. Watu wakaandika.

Mzee Gösta akavua miwani.

“Ajabu,” akasema kwa upole. “Wataalamu wengi wanaamini nasaba hiyo haikuwahi kuwepo.”