Figo ni za Mwenye Kisu

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Mkubwa wetu wa maabara, pale Hurlingham, alinipa hadi Ijumaa. Nisipoleta figo za mbuzi zinazofaa, jaribio langu angempa kijana mwenzangu, nami nirudi kuosha chupa. Kuosha chupa nilikuwa nimechoka nako, wacha nikwambie.

Tulikuwa na sungura tuliowabana mshipa wa figo kwa kibanio kidogo mpaka presha ikapanda. Tulichotafuta ni kama ndani ya figo isiyo na ugonjwa kuna kitu cha kuishusha. Kitu hicho huharibika upesi, kwa hiyo figo zilitakiwa zitoke kwa mbuzi moja kwa moja hadi kwenye barafu. Mama yangu alikuwa na presha. Kichwa kikimgonga alijifunga leso, akaendelea na kazi. Sikuwa na mchezo na kazi ile.

Jumatano nilikwenda machinjioni Dagoretti. Langoni wakaniambia wanawake hawaingii. Nikaganda pale pale hadi mzee wa wachinjaji akanihurumia, akanitolea figo mbili ndani ya jani la mgomba. Kwa wema wake, zisije zikaoza njiani, alizipaka chumvi. Chumvi, jamani, kwenye utafiti wa presha! Mkubwa alicheka mpaka akavua miwani. Nililia chooni, na ilikuwa hasira tupu.

Alhamisi nilirudi na viatu vya mpira na ndoo ya barafu, nikapita langoni bila kumwomba mtu. Mzee akanieleza kwa upole kwamba figo ni fungu la aliyechinja. Za jana alinipa zake.

“Basi nipe kisu,” nikasema.

Wakaguna. Mmoja akasema haijuzu. Alikosea mtu. Baba yangu alisomesha madrasa mjini, na tangu utotoni nilijua kwamba Mwislamu mwanamke akichinja, nyama ni halali. Nikawaambia hivyo. Mzee akanipa kisu. Nilipiga bismillahi, nikachinja.

Alasiri ile tulizisaga figo, tukachuja maji yake, tukamdunga sungura. Presha ikashuka mbele ya macho yetu. Mkubwa akafurahi kweli, akasema kuanzia wiki ijayo kijana ndiye atakayekwenda Dagoretti, mimi nipumzike.

“Aende,” nikamwambia. “Lakini kule anapewa aliyechinja. Muulize kama anajua kuchinja.”

Kijana akatikisa kichwa. Jioni ile chupa aliosha yeye.