Usiliguse Paji Lake

Mume wa msusi alikuwa mpiga picha, na kwa kunyoosha sura za watu hakuwa na mpinzani. Uliingia studio na chunusi zako, picha ikatoka haina hata moja. Wenye upara aliwaotesha nywele, wenye makengeza aliwaweka macho sawa. Bibi harusi mmoja aliwahi kurudisha bahasha akidai amepewa picha za mtu mwingine. Mtaa mzima ulicheka, na msusi, ambaye saluni yake ilitenganishwa na studio kwa pazia tu, alicheka kuliko wote.

Binti yao alizaliwa na uso wa kikubwa, wakamwita Bibi Mdogo. Paji lake lilikuwa bapa upande wa kulia, na unyusi wa upande huo umepanda juu, kama mtu aliyesikia jambo asiloliamini. Wateja wa saluni walikuwa na jibu tayari: mama anamlaza vibaya. Msusi akamgeuza mtoto, akamkingia nguo zilizokunjwa, akakosa usingizi akimlinda asirudie upande ule. Paji likazidi kulala. Mama mkwe, aliyeishi mbali na kumjua mjukuu kwa picha alizotumiwa na mwanawe, alipiga simu kugomba: "Mtoto mzuri hivi, mwanangu, unamtafutia maradhi ya nini?"

Msusi alimeza hasira yake. Picha hizo hakuwahi kuziangalia. Za nini, na mwenyewe yuko mgongoni? Akaenda kwa daktari wa watoto, na daktari akataka kuona picha za mtoto tangu azaliwe. Msusi akarudi nyumbani, mumewe akampa bahasha, naye akaipeleka bila kuifungua.

Daktari alizipanga mezani. Akatazama picha, akamtazama mtoto, akarudi kwenye picha. Kisha akauliza taratibu, kama wanavyouliza wanapokushuku:

"Mama, alianguka lini?"

"Hajaanguka."

"Hapa paji liko sawa. Na hapa. Sema tu, hatutakugombeza."

Msusi akainama kuziangalia. Kila picha, paji la mwanawe lilikuwa mviringo kama yai. Alitaka kusema, lakini angesema nini? Kwamba baba mtu ndiye aliyempasua mtoto kwa kompyuta, kabla ya daktari yeyote?

Kipimo cha kichwa kilimwokoa. Mishono ya mifupa ya kichwa cha mtoto, daktari alieleza, hubaki wazi ili ubongo upate nafasi ya kukua. Mshono wa mbele, upande wa kulia, ulikuwa umefunga tangu tumboni. Kulazwa hakukuhusika, wala kuanguka. "Nisamehe, mama," daktari alisema. Mtoto afanyiwe upasuaji mapema, mfupa ungali laini, na baba naye aje akubali.

Msusi alifika studio akiwa amefura. Alilifungua pazia bila hodi, mteja yuko kwenye kiti, kidevu juu.

"Za mwanzo ziko wapi? Zile ambazo hukuzigusa?"

"Mke wangu, tuongee baadaye..."

"Ziko wapi!"

"Nilizifuta," mumewe alisema. "Nilikuwa namsitiri. Watu wana macho."

"Na mimi nani kanisitiri? Nimeulizwa nilimwangusha lini! Mama yako umemvika kilemba cha ukoka, sasa ananiona mchawi."

Mteja aliteremka kitini akaondoka bila kuaga. Mumewe alijaribu neno la mwisho: tusubiri kidogo, pengine litajinyoosha.

"Mfupa hausubiri aibu yako. Kesho tunakwenda wote."

Wakaenda. Asubuhi ya upasuaji, wakiwa wodini, msusi alimnyang'anya mumewe kamera. Hakuwahi kuishika. Mume alinyoosha mkono kumgeuza mtoto upande mzuri.

"Mwache!"

Akapiga. Kidole chake kikaziba pembe ya picha.

Madaktari walimkata mtoto kichwani toka sikio hadi sikio, kwa mstari wa kwenda pembepembe, kama meno ya msumeno, ili nywele zije zifiche kovu. Wakautoa mfupa wa paji, wakauchonga, wakaurudisha. Bibi Mdogo alitoka amevimba, macho yamefumba kabisa, na msusi alikaa naye akijikaza, akimlilia kimoyomoyo na kumchukia kila aliyewahi kusema mlaze huku, mlaze kule.

Uvimbe ukapungua. Macho yakafunguka, nyusi zote mbili ziko mahali pake. Mumewe alilia kwa furaha, akamkumbatia mkewe.

"Mwone! Sawasawa na picha zangu!"

Msusi alijitoa mikononi mwake. Damu ilimchemka upya, kwa sababu ilikuwa kweli. Picha zote za uongo sasa zilifanana na mtoto, na ule uso ulionyonya kwake mara ya kwanza, uliompandishia unyusi mmoja kila asubuhi, ulikuwa umebaki kwenye picha moja tu ya kidole.

Akaichapisha. Akaibandika kwenye kioo cha mbele cha studio, katikati ya maharusi walionyooshwa, akageuka kumtazama mumewe.

"Hii ukiigusa, nitakunyoa nyusi."

Hakuigusa. Wateja waliuliza nani kapiga picha mbaya vile, na mpiga picha, akitazama chini, ilimbidi ajibu mwenyewe:

"Mama yake. Ndivyo mtoto alivyokuja."