Mama Reginald na Picha ya Foleni

Yuster alizaliwa Lulindi katika ukoo wa watu wa kanisa. Babu yake alipiga kengele ya misheni, baba yake alifundisha katekisimu, na yeye mwenyewe aliolewa na mwalimu, kama ilivyotarajiwa. Walipomzaa Reginald, watu wakamwita Mama Reginald hadi jina la Yuster likasahaulika. Lakini heshima yake haikutokana na mume wala kanisa. Ilitokana na kaunta. Miaka ile ya shida, sabuni ilipokuwa habari na sukari ilipokuwa tetesi, yeye ndiye aliyekuwa muuzaji wa duka la ushirika katika kijiji kimoja cha njia ya Chidya.

Watu waliomzidi umri walimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba bila kuona haya. Alikuwa na namna yake ya kusema "vimekwisha". Hakufoka wala hakununa. Aliinua kiganja cha kulia, akakionyesha kilivyo kitupu, akalitamka neno hilo kwa upole kama mtu anayetoa pole msibani. Wanawake waliotembea tangu alfajiri walirudi makwao na vikapu vyao, wakisema angalau yule mama ana adabu.

Halafu serikali ikafungua milango. Maduka ya Masasi yakajaa sabuni za kila rangi, mafuta ya kupaka, betri, mitumba iliyofungwa kwa marobota. Duka la ushirika likafa, na hakuna aliyelilia. Mama Reginald alijaribu biashara yake mwenyewe, sabuni na viberiti kwenye kibanda mbele ya nyumba yao Lulindi, lakini wateja walimbishia bei, wakaondoka kwenda kwa jirani. Shikamoo zikahama. Mumewe alisema shida ilikuwa moja tu: mke wake hakujua kuuza kitu ambacho kipo.

Aliyemwinua ni Optatus, mchongaji wa Mnyambe. Alikuja na baiskeli imebeba gunia la vinyago, akiwa ametoka kuvitandaza kwenye turubai sokoni Masasi kutwa nzima bila kuuza hata kimoja. Alimwomba Mama Reginald, kwa kuwa ni mzoefu wa duka, amshauri. Mama Reginald alivipanga vinyago sakafuni, akavitazama, akachagua vitatu. Vingine akamwambia avirudishe guniani na asimwonyeshe mtu.

"Watu hawanunui lundo, Optatus," alimwambia. "Watu wananunua kilichobaki."

Mwaka huo wanunuzi binafsi walikuwa wamepata ruhusa ya kununua korosho, na Newala ilikuwa imechangamka. Magari yenye namba za Dar es Salaam yalilala mjini, na watu waliokuwa wakisubiri malipo ya ushirika sasa walipokea fedha mkononi, hata hawajui waanzie wapi kuzitumia. Mama Reginald akapanga chumba cha mbele cha nyumba moja karibu na soko, akapaka chokaa, akaning'iniza kibao: DUKA LA SANAA LA MSIMU. KITU KIKIISHA HAKITENGENEZWI TENA. TUNAFUNGA KRISMASI.

Rafu zilikuwa ndefu na karibu tupu. Kinyago kimoja huku, kimoja kule. Watu waliingia kwa sauti ya chini kama wanaoingia kumwona mgonjwa. Wakiuliza kama kuna vingine, Mama Reginald aliinua kiganja. Vinyago vya Optatus, vilevile vilivyodharauliwa Masasi, vilianza kugombewa. Afisa mmoja wa bomani akatuma kikaratasi: mpatie mleta hiki kinyago kimoja. Mama Reginald alikishika kikaratasi kile kama amepokea salamu za ndugu aliyepotea. Ilikuwa miaka hajaandikiwa kibali, kama wakubwa walivyozoea kumwandikia enzi za ushirika.

Ndipo Optatus akamleta Shakila, jirani yake wa Mnyambe. Shakila alikuwa mkulima, mama wa watoto, ambaye zamani alikaa Dar es Salaam kwa shangazi yake karibu na wachongaji, akajifunza kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino na kuugandamiza kwenye karatasi. Alileta picha moja, nakala ishirini, kila moja ina namba na sahihi yake. Ilionyesha foleni ndefu ya watu waliokonda inayopindapinda kama nyoka, na mwisho wake kaunta. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mpana, kilemba kimefungwa fundo mbele, funguo kiunoni, kiganja kimeinuliwa. Kiganja chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko kichwa chake.

Mama Reginald aliipenda papo hapo. Alisema mwanamke yule ana sura ya utu. Shakila alimtazama, akataka kusema neno, badala yake akaanza kuhesabu nakala zake.

Picha ya foleni ilileta kizaazaa. Wa kwanza kuitaka alikuwa Diwani Gasper, aliyetaka nakala namba moja, kwa kuwa yeye ni kiongozi na kiongozi hawezi kupewa namba saba. Bonifasi, wakala wa kampuni mojawapo ya korosho, naye alitaka namba moja, kwa hoja kwamba sasa ni zama za soko huria na mwenye fedha ndiye wa kwanza. Mama Reginald akawaambia namba moja imehifadhiwa. Hakuwaambia imehifadhiwa wapi. Alikuwa ameitundika chumbani kwake, juu ya kitanda.

Nyingine zikanunuliwa kwa kasi iliyomshangaza hata yeye. Watu walitoka Masasi kuja kuziona. Waliitazama picha, wakamtazama Mama Reginald, wakauma midomo, wakalipa. Bonifasi, ambaye nyumba yake ya kupanga haikuwa na kiti, alinunua mbili. Mama Reginald aliona nyuso zile za furaha, akaamini kwamba hatimaye watu wa huku wameanza kuielewa sanaa.

Mambo yaliharibika siku Bonifasi alipokuja na kamera na marafiki zake wa kampuni. Alimwomba Mama Reginald asimame kando ya picha apigwe ya kumbukumbu. Mama Reginald akajifunga kilemba vizuri, akasimama.

"Sasa inua mkono, mama," Bonifasi alisema. "Huo wa kulia. Kama unasema vimekwisha."

Akauinua. Wale marafiki wakacheka hadi mmoja akajishika ukutani. Mama Reginald aligeuka taratibu, akaitazama picha, akautazama mkono wake, akautazama ule wa kwenye karatasi. Aliwafungulia mlango, akawasubiri watoke, akaufunga.

Kesho yake alikwenda Mnyambe. Alimkuta Shakila amekaa uani anabangua korosho, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda. Walisalimiana, akaletewa kigoda. Akauliza yule mwanamke ni nani, ingawa alikwisha kujua.

"Ni wewe, mama," Shakila alisema.

Kisha akamweleza. Wakati ule alikuwa mwari anayekaribia kuolewa. Tetesi zilifika kwamba duka la njia ya Chidya limeletewa khanga, akatembea na mama yake, wakalala kwa watu njiani. Alitaka doti moja tu. Alipofika mbele aliinuliwa kiganja. Akaolewa kwa khanga ya kuazima, ikarudishwa kwa mwenyewe kabla hata vumbi la ngoma halijatulia. Na safari ileile, kabla hajaondoka kijiji kile cha duka, alimwona muuzaji akienda kanisani amejifunga doti mpya kabisa.

Mama Reginald alianza kujitetea. Alisema mgao ulikuwa mdogo, kulikuwa na maagizo kutoka juu, viongozi walichukua kwanza, yeye alibakiziwa moja tu. Alisema mengi, na kila alilolisema lilikuwa kweli, na kila alipolisema lilizidi kuonekana baya. Shakila aliendelea kubangua.

"Ilikuwa imeandikwa nini, khanga ile?" Mama Reginald aliuliza mwishowe. "Mimi nimesahau."

"Mpaji ni Mungu."

Mama Reginald aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na Shakila alidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka vilevile. Shakila alijizuia kwa muda, kisha naye akashindwa. Walipotulia, Mama Reginald alimwomba radhi kwa maneno machache, bila kutaja maagizo kutoka juu. Shakila alisema amesikia. Hakusema amesamehe, wala Mama Reginald hakumlazimisha.

Nakala nne zilikuwa zimebaki dukani. Optatus alishauri zichomwe. Mama Reginald akakataa, akaamua kuziuza kwa njia ya haki. Kila aliyeingia alimwonyesha picha na kumwambia waziwazi: huyu hapa ni mimi, nilikuwa muuzaji wa ushirika, watu hawa niliwanyima.

Hakuuza hata moja. Wateja walisikiliza, wakaitikia kwa heshima, wakaaga. Alipunguza bei, wakapungua na wao. Mwishowe alimwuliza Bonifasi kulikoni, maana karatasi ni ileile na wino ni uleule.

"Mama," Bonifasi alisema, akitafuta namna ya kulisema kwa adabu, "tulikuwa tunanunua kwa sababu ulikuwa hujui. Sasa unajua."

Duka likafungwa Krismasi kama lilivyoahidi, na picha nne mkononi. Majirani wa Lulindi walidhani Mama Reginald hatarudi tena Newala. Lakini msimu uliofuata alipanga chumba kilekile, safari hii wakiwa ni wabia watatu, yeye, Optatus na Shakila, na mwenye neno la mwisho juu ya picha alikuwa Shakila.

Picha ya mwaka huo ilionyesha mwanamume mwenye suti, tumbo limetangulia, anakata utepe wa bomba la maji. Pembeni wamesimama wanawake na ndoo. Bomba lenyewe limetoa tone moja, na ndani ya tone kuna mtu anapiga makofi.

Diwani Gasper alijitambua tangu mlangoni. Inaelekea mtu aliyezoea kujitafuta katika kila kitu hachelewi kujiona. Aliuliza ziko ngapi, akaambiwa ishirini, akazinunua zote asubuhi ileile pamoja na ubao wenyewe, akisisitiza kwamba viongozi lazima waunge mkono wasanii wa nyumbani. Mama Reginald alimfungia kwa gazeti. Shakila akamsaidia kubeba hadi kwenye gari, na huko Gasper, baada ya kutazama huku na huku, alimwuliza kwa sauti ya chini kama ilikuwa lazima kumchora mnene kiasi kile.

"Nilikupunguza, mheshimiwa," Shakila alimjibu.

Gasper alifikiri kidogo, kisha akamwambia dereva apite njia ya nyuma.