Kichwa Kinauma Jirani Akiwepo

Admin, naomba unifichie jina na kijiji, kwa sababu mume wangu husoma ukurasa huu na mama mkwe husomewa. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na moja, naishi upande wa Oyugis. Nilisomea ualimu nikakosa kuajiriwa, kwa hivyo miaka miwili sasa nafanya kazi ya mtandaoni: nasikiliza sauti za watu kwenye kompyuta na kuziandika. Nikitoka kwa kompyuta naingia kwa simu. Mume wangu hunitania kwamba siku moja nitamkaribisha mgeni kwa kumbonyeza.

Mwaka jana kichwa kilianza kuniuma. Kilianzia nyuma ya macho, kikapanda kwenye paji la uso, kikashuka shingoni, na ikifika saa kumi jioni sikutaka hata kusikia mtoto akicheka. Nilimeza dawa za dukani mpaka muuzaji akakataa kuniuzia. Lakini sisi ni Wasabato, na Ijumaa jua likizama kompyuta hufungwa na simu huzimwa mpaka Jumamosi jioni. Siku hiyo ya Sabato kichwa kilipoa kabisa. Jumapili nikirudi kazini, nacho kilirudi.

Mama mkwe naye alikuwa anahesabu siku, ila alihesabu kitu kingine. Jirani yetu, nitamwita Mama Achieng, ni mjane anayeuza omena, dagaa wa ziwani. Kila Ijumaa huenda ufuoni Homa Bay kununua, hulala kwa dada yake, hurudi Jumapili. Mama mkwe akamwambia mume wangu, "Huyo mama akienda, kichwa ya bibi yako inapoa. Akirudi, inarudi. Unataka ushahidi gani ingine?" Akasema ni jasihoho, mtu wa jicho baya. Na kweli Mama Achieng alikuwa na tabia ya kusimama mlangoni kwangu, ananitazama nikichapa, ananisifu kwamba vidole vyangu vinakimbia.

Ndugu zangu, mimi nilijua si yeye. Nilikuwa nimeenda kimya kimya kwa daktari wa macho mjini. Aliniuliza nakaa mbele ya skrini saa ngapi kwa siku, nikamwambia kumi, wakati mwingine kumi na mbili. Akanieleza kwamba mtu akikodolea skrini husahau kupepesa macho, macho yanakauka na kuchoka, shingo inakaza, ndipo kichwa kinagonga. Aliniandikia miwani. Akasema kila baada ya dakika ishirini hivi niinue macho nitazame kitu kilicho mbali, nipunguze mwangaza, kompyuta niitoe mapajani niiweke mezani, na ninywe maji. Na kichwa kikija ghafla kwa nguvu nisizozizoea, au macho yakififia, nisingoje, niende hospitali.

Kwa nini sikusema nyumbani? Mume wangu alishaapa kwamba akisikia kazi hiyo inaniumiza ataifunga, na mimi niliogopa kurudi kukaa bure, niombe hata sabuni. Nikaificha miwani kwenye pipa la mahindi, nikawa naivaa nikiwa peke yangu. Nikasema wacha waongee, watachoka.

Hawakuchoka. Mama mkwe aliziba kwa miiba njia ya Mama Achieng inayopita bomani kwetu, akamkataza kukanyaga kwetu. Na wiki hiyohiyo ndiyo nilianza kufuata maneno yote ya daktari, si miwani tu. Kichwa kikapungua, na baada ya wiki mbili kikaisha. Mama mkwe akanishika mkono nje ya kanisa, mbele ya watu, akasema, "Si mnaona? Tumefunga njia, mtoto amepona." Mimi nikatabasamu. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Tangu siku hiyo hakuna anayenunua omena yake. Mtoto akiumwa tumbo ni yeye, ng'ombe akikosa maziwa ni yeye. Paa lake limepigwa mawe mara mbili, mchana kweupe, watu wakiangalia. Mashemeji zangu wameitisha kikao Jumapili hii wampe siku za kuhama, na nimemsikia mmoja akisema kwamba asipotoka kwa maneno atatoka kwa moto. Hakusema kwa hasira. Alisema huku anakula, akaomba aongezewe mboga.

Jana Mama Achieng alinikuta kisimani. Siku hizi akiongea na mtu hutazama chini, asije akalaumiwa kwa macho yake. Akaniuliza, "Nyathina, hata wewe unaona ni mimi?" Nyathina ni mtoto wangu, ameniita hivyo tangu nilipoolewa hapa. Nilifungua mdomo nimwambie, kisha nikaona shemeji yangu amesimama kando anatusikiliza. Nikamjibu, "Sijui, mama." Akajitwika mtungi wake akaenda.

Nikisema ukweli, kazi imekwisha, na ndoa yangu sijui. Tena wanaweza kusema amenishika akili ndio maana namtetea. Nikinyamaza, damu ya yule mama itakuwa juu yangu, maana jana usiku mume wangu ameniambia nivae vizuri hiyo Jumapili. Mimi ndiye shahidi wao. Nitakaa mbele, wazee wanione nimepona.

Siku zimebaki mbili. Naombeni mniambie, nianze na nani, na nimwambie nini?