Kitovu cha Wafula na Paka wa Mama Samaki

Tangu utotoni mimi sipatani na paka, na watu wakiniuliza kwa nini, huwa nasema tu kwamba wananuka. Hiyo ni kweli, lakini si yote. Tulikuwa tukikaa kwenye nyumba za zamani za baraza la jiji, nyumba za kanjo kama tulivyoziita, zenye kipande cha ardhi nyuma, upana wa mikeka miwili hivi. Kwa mama kile kipande kilikuwa shamba. Alipanda kunde, saga na mrenda, na ole wako upite usisifu.

Shida ilikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Tulimwita Mama Samaki kwa sababu alikaanga samaki na kuuza getini jioni. Matumbo na vichwa aliwatupia paka. Basi paka wa mtaa mzima wakahamia kwake, wakala kwake, halafu wakaja kunya kwetu. Jamani! Unakwenda kuchuma mboga ya jioni, unaingiza vidole kwenye udongo, unatoa kitu chenye joto.

Ingekuwa ni mboga tu, tungeishia kulalamika. Lakini mwaka huo alizaliwa ndugu yangu Wafula, na kukhu, yaani mama yake baba, akaja kutoka Bungoma kumwosha mtoto. Kitovu kilipodondoka, kukhu alikifunga kwenye kitambaa akasema atakwenda nacho nyumbani akakizike kwenye migomba, pale pale kilipozikwa cha baba na changu. Mama akakataa.

"Huyu ni wa hapa, mama," alisema. "Baba yake yuko hapa, kazi iko hapa. Kizikwe hapa hapa."

"Udongo wa kukodi haushiki kitovu," kukhu alimjibu. "Na kikifukuliwa na mnyama, huyu mtoto hatatulia popote. Usije ukasema sikukuambia."

Mama ni mbishi, na mimi nimemfuata. Alikizika mwenyewe kwenye pembe ya shamba, karibu na ua wa mabati, mimi nikiwa nimeshika jembe. Akanionya nisimwambie mtu yeyote, maana mwenye nia mbaya akijua kitovu cha mtoto kilipo, anaweza kumharibia maisha. Kukhu akarudi Bungoma amenuna.

Sasa nani asiyejua tabia ya paka? Mpe ardhi ngumu na ardhi iliyotifuliwa, atachagua iliyotifuliwa. Kesho yake tulikuta pembe ile ile imeparuliwa. Mama akafukia, wakarudi. Akamwaga majivu, wakafurahi kabisa, kwa kuwa majivu ni laini. Akamwaga pilipili, nikapiga chafya mimi. Mafuta ya taa yaliua kunde, paka wakabaki wazima. Kisha mtu akamwambia apange chupa za plastiki zilizojaa maji, ati mnyama akijiona humo anatoroka. Nusu ya Nairobi inaamini hivyo mpaka sasa. Tukapanga chupa kama watu wanaouza maji, na siku hiyo hiyo paka mmoja mwekundu akajinyoosha katikati yake, akalala. Nilimrushia kandambili. Alinitazama, akafumba macho.

Mama akaenda kumkabili Mama Samaki pale getini, nami nyuma yake nimeshika leso yake.

"Karibu, Mama Nekesa."

"Sikaribii. Paka wako wamegeuza shamba langu choo."

"Paka wangu? Kwani umeona nimewafunga kamba? Hao ni wa mtaa. Na bila wao panya wangetutafuna masikio."

"Acha kuwalisha."

"Sababu ya mboga? Si nitakuletea sukuma, mama, hata leo jioni!"

Wateja wakacheka. Mama alinishika mkono tukarudi nyumbani. Kueleza kungekuwa kutangaza kitovu kilipo mbele ya umati. Jioni ile fungu la sukuma likaletwa kweli, na mama akalibamiza mezani kwa hasira hata Wafula akaamka.

Jumamosi moja tulitoka kuteka maji tukakuta shimo. Kando yake kipo kile kitambaa cha kukhu, kimeraruka, kimechafuka. Mama alipiga magoti, Wafula mgongoni, akaanza kuchimba kwa mikono. Mavi, udongo, mizizi ya kunde, alipekua vyote. "Kiko wapi? Kiko wapi?" Leo najua kijitu kile huenda kilikuwa kimeoza kitambo. Lakini siku hiyo na mimi nilichimba, nikilia kwa hasira, nikiwatukana paka matusi ambayo sikujua nayajua.

Mama Samaki alisikia kelele akachungulia juu ya mabati. "Kwani mmepoteza nini?"

Alitazama kitambaa, akamtazama mtoto mgongoni, akalitazama shimo. Alizunguka mbio, akapiga magoti pale pale kwenye mavi ya paka wake, akachimba pamoja nasi. Hatukupata kitu.

"Mama Nekesa, ungeniambia," alisema.

"Ningekuambiaje?"

"Kweli," akasema. "Hata mimi singesema."

Tangu siku hiyo matumbo ya samaki aliyapeleka mbali, kwenye jaa, na paka wakapungua. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Wafula hakutulia. Alipojua kutembea tu alipotea, tukampata mtaa wa Huruma anakula andazi la watu. Shule alibadilisha, kazi akabadilisha. Alikaa Pipeline, akahama. Akaja hapa Tassia kwangu, akaondoka bila kuaga. Sasa yuko Uarabuni, wapi hasa hatujui, na simu yake haiingii tangu Krismasi. Kila jioni mama, ambaye siku hizi anakaa nami, hujaribu namba ile, kisha huiweka simu chini na kusema, "Ni yule paka."

Nilikuwa nikipandwa na hasira kabisa. Paka gani, mama? Zile nyumba zilibomolewa, mtaa mzima ukatawanyika. Kitovu changu kimezikwa Bungoma salama, na nimehama nyumba mpaka vyombo vimeniishia. Hao vijana wote walioko Uarabuni, walifukuliwa vitovu na paka? Hoja nilikuwa nazo tele, na hakuna hata moja iliyowahi kumpa usingizi.

Juzi nilipoanza tena, alisema polepole, "Kukhu yako alitaka kwenda nacho. Mimi ndiye niliyekataa."

Miaka yote hii nimekuwa nikimnyang'anya mama paka wake, na sikuwa na mwingine wa kumpa amlaumu isipokuwa yeye mwenyewe. Nilikaa kando yake.

"Kweli, mama," nikamwambia. "Yule paka alikuwa shetani."

"Shetani kabisa," akasema, akachukua simu akajaribu tena.