Mti Ulioota Wenyewe

Kwa miaka tisa nimeishi na wataalamu wa miti. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, hajawahi kupanda hata kitunguu, lakini mti uliokuwa nyuma ya jiko langu aliujua kabisa. Uliponifika magotini alisema ni avokado. Ulipotoa majani matano matano yaliyopangwa kama vidole vya mkono, akabadilisha, akasema ni bangi na polisi watatukuta. Bangi ikakua ikapita paa. Hapo akatangaza kwamba ni mti wa sumu, na kwamba yeye alijua tangu mwanzo.

Mume wangu ni mwalimu wa sayansi. Yeye aliupiga picha kwa simu, simu ikamwambia mti huu ni wa ukoo wa mchungwa. Akaicheka simu. Siku ya pili akaiuliza tena, ikamwambia ni mhogo, akaizima.

Mimi peke yangu nilijua mbegu ilikotoka. Nilikuwa nimelazwa hospitalini Iguhu, na mama wa kitanda cha pili akanikatia nusu ya tunda aliloletewa na wageni wake. Lilikuwa la kijani nje, jeupe ndani, laini kama ndizi iliyoiva sana, tamu hata nikasahau dripu mkononi. Kesho yake aliruhusiwa kwenda nyumbani kabla sijamuuliza linaitwaje. Nilibaki na mbegu mbili, nikazifunga kwenye pembe ya leso.

Nilizipanda kando ya jaa la takataka, nyuma ya jiko, siku ambayo boma lote lilikuwa limeenda matanga. Moja iliota, na shida ikaanzia hapo. Kwetu mwanamke anaruhusiwa kupanda maharagwe na viazi vitamu mpaka mgongo ukatike, lakini mti hapandi. Akipanda mti, mume wake atakufa. Watu waliosoma, wenye vyeti ukutani, huicheka imani hiyo wakinywa chai, halafu kukiwa na mche wa kupanda wanamtafuta mwanamume ashike jembe. Ila mti ulioota wenyewe jaani hauna kosa. Basi mama mkwe aliponiuliza, nilimjibu, "Ilimea yenyewe, mama."

Uongo huo niliurudia miaka yote bila kupepesa jicho. Kila mume wangu alipokohoa, mama mkwe aliutazama mti, kisha akanitazama mimi, nami nikaendelea kuchambua mboga. Niliogopa, sikatai. Sikuogopa kwamba mwalimu atakufa kwa sababu ya mti. Niliogopa panga.

Mwaka huu ukazaa. Matunda yalikuwa makubwa kama machungwa, na hakuna aliyethubutu kuyaonja. Shemeji akasema ukatwe kabla watoto hawajaangamia, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikamwona akinoa kitu. Mume wangu akaomba tumwite kwanza afisa wa kilimo kutoka Khayega.

Afisa alikuja, akapasua tunda, akalinusa, akalila mbele yetu.

"Hii ni sapote nyeupe," akasema. "Huku ni nadra sana. Hata mimi nataka mbegu. Nani alipanda?"

Sumu iligeuka chakula papo hapo. Shemeji alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alimaliza matatu, akajipangusa mdomo.

"Ni ndugu yangu alipanda," akasema. "Mimi nilikuwa namwambianga hii mti ni ya maana."

Mume wangu, aliyekuwa kwenye tunda la pili, hakukana. Aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama mtu anayepewa zawadi siku ya wazazi shuleni. Afisa akatoa daftari aandike jina lake.

Hasira zilinijaa.

"Andika langu," nikasema. "Mimi ndiye nilipanda, kwa hii mikono. Miaka tisa sasa."

Wote walimgeukia mume wangu kana kwamba ataanguka pale pale. Mwalimu wa sayansi akaacha kutafuna. Akatema kiganjani, akakitazama alichotema, kisha akaweka mkono kifuani kusikiliza kama moyo bado unapiga. Nilimdharau siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote ya ndoa yetu.

Shemeji aliinuka kufuata panga. Mama mkwe, ambaye hana jino hata moja na alikuwa amelimaliza tunda lake, akamwekea bakora njiani.

"Keti chini," akamwambia. "Baba yenu alikufa mkiwa wadogo, na mimi sikuwa nimepanda hata mti moja."

Kisha akanigeukia, akanyoosha kiganja nimpe tunda lingine.