Mbegu Zilizonuka Moshi

Jumanne, katika duka la pembejeo pale Sosiot, mama mmoja alifungua leso juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na konzi moja ya mbegu za maharagwe meusi, zikinuka moshi.

"Nipe dawa ya kupaka hizi zisioze," alimwambia muuzaji. "Ni za marehemu mamangu. Ndizo zimebaki."

Muuzaji, aliyevaa koti jeupe kama daktari wa upasuaji, hakuzigusa. "Mama, hizo ni za kizamani. Chukua pakiti hii ya mbegu za kisasa."

"Mamangu hakuwa anaweka dawa. Alikuwa anatundika tu juu ya moto jikoni. Mwaka jana nikaona zinanuka, nikaosha zingine na sabuni, nikasugua mpaka zikang'aa. Zote zilioza shambani."

Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, nikashindwa kunyamaza. Nikamweleza kwamba mbegu hujilinda kwa ganda lake: lina uchungu usiopendwa na ukungu, na likikwaruzwa ugonjwa hupata mlango. "Hizi bado ziko na ganda zima, mama. Panda hivyo hivyo."

"Kumbe nilizivua koti kwa baridi," akasema.

Aliinua leso, akainusa kwa muda mrefu, macho yamefungwa. Kisha akachagua punje moja, akaifunga peke yake kwenye pembe ya leso.

"Hii sipandi. Nikipanda zote, nitanusa nini?"

Muuzaji akarudisha pakiti kwenye rafu. Imeandikwa mengi pande zote mbili, lakini hakuna mahali inasema itanuka jiko la nani.